Mke Mwenza Aliyekuja na Magurudumu

Consolata alivua viatu kabla ya kuingia kwenye karavani, na hakuna mtu aliyemwambia avue. Wiki ile ya mazishi ya mume wangu watu wengi walikuwa wameingia mle na viatu vyao, wachungaji, mashemeji, vijana waliokuja kufunga turubai, na mimi nikawaacha, kwa sababu mwenye sheria ile alikuwa amelala ndani ya jeneza. Lakini huyu mwanamke, mzee wa rika langu, mwenye mkongojo, alisimama kwenye ngazi ndogo ya chuma, akavua kiatu kimoja kwa ncha ya mguu wa pili, akavipanga vyote viwili upande wa kushoto, pale pale marehemu Oduor alipokuwa akipanga vyake. Nilikuwa nimekaa na binti yangu Achieng tukiosha vikombe. Nilikiachia kikombe kikazama kwenye beseni. Kwa miaka mingi nilikuwa nimejidanganya kwamba wivu ni homa ya wasichana, ukizeeka inapoa. Siku ile nilimtazama bibi kizee wa watu akiingia mlango ule akiwa peku, na mate yakawa machungu mdomoni mwangu, sawasawa na mwaka ule.

Mwaka wenyewe ni ule ambao karavani ilikuja kwetu, miaka ya sabini ikiwa bado changa na Achieng akiwa wa kubebwa mgongoni. Oduor alikuwa dereva na fundi wa Mzungu mmoja aliyepima mito inayoingia ziwani. Wikendi Mzungu huyo aliifunga karavani nyuma ya gari lake akaenda kukaa ufukweni na mke wake, wakivua samaki ambao hawakuwala. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, akamwachia Oduor karavani kuwa asante. Watu wengine waliachiwa baiskeli, au koti. Sisi tuliachiwa nyumba nyeupe ya bati laini, yenye mstari wa kijani ubavuni, magurudumu mawili, madirisha saba, vitanda vya kukunja, jiko la gesi la vichwa viwili, na sinki ndogo niliyodhani ni ya kumnawishia mtoto uso. Niliipenda, nisiseme uongo. Niliipenda kwa siku chache, kabla sijajua kwamba haikuja kukaa nasi. Ilikuja kukaa naye.

Chumba chetu cha kupanga kilikuwa Nyalenda, ukuta wa udongo uliopigwa simenti upande wa njiani tu, na paa la mabati lililojaa matundu ya misumari. Mvua za jioni za Kisumu zikianza niliweka sufuria mlangoni na beseni miguuni pa kitanda, nikajikunja na mtoto kwenye kona iliyobaki kavu. Oduor hakuwapo. Alikuwa kwenye uwanja nyuma ya gereji ya rafiki yake, juu ya paa la karavani, akipitisha kidole kwenye kila mshono na kuziba kwa lami laini popote alipohisi ufa ambao hata sisimizi asingepita. Alirudi amelowa, anacheka. "Hakuna hata tone moja imeingia," aliniambia. Nilimwonyesha sufuria iliyojaa. "Hii nyumba ni ya landilodi, Mama Achieng," alisema. "Mimi nikiziba hapa, nimemzibia yeye." Na ubaya ni kwamba alikuwa anasema kweli, sikuwa na mahali pa kumshikia.

Sijamwona tena mwanamume akitunza kitu namna ile. Aliiosha kwa maji ya mvua, si ya bomba, na kitambaa laini cha kuoshea kilikuwa nepi za Achieng, ambazo yeye aliziona zimechakaa kabla mimi sijaona. Wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi na kufia ukutani aliwafagia asubuhi ileile, akisema wakikaukia pale wanakula rangi. Shingo ya chuma inayoshikana na gari aliipaka grisi, kisha akaivika soksi yake ya zamani. Tairi alizifunika magunia zisipigwe na jua. Kila Jumapili baada ya kanisa alikwenda kufungua madirisha yote saba ili ndani kupumue, kusishike ukungu. Chupa yangu ya glisirini, niliyokuwa nikijipaka mikono baada ya kufua, niliikuta nusu, halafu nikaikuta tupu. Ilikuwa imeishia kwenye mipira ya madirisha. "Mpira ikikauka inapasuka," alinieleza kwa upole, kama mwalimu. Nikamnyooshea mikono yangu miwili, iliyokauka na kupasuka. Aliishika, akaigeuza, akaona haya, akaahidi kununua chupa nyingine. Na kweli alinunua. Aliipeleka moja kwa moja gerejini.

Hapo ndipo nilipoanza kuiita nyieka, yaani mke mwenza wangu. Mwanzo ulikuwa utani. "Nyieka ameamkaje?" nilimuuliza akirudi, naye akajibu kwamba ameamka vizuri, ila mguu wa kushoto unataka pumzi. Tulicheka pamoja. Lakini utani ukirudiwa kila siku unaanza kuwa habari, na mimi nilianza kumnusa shati akirudi: grisi, sabuni, glisirini yangu.

Mara moja tu mwaka ule tulikwenda likizo, kama Wazungu. Oduor aliazima pikapu ya mwenye gereji, akaivuta karavani hadi Port Victoria, akaiegesha karibu na mahali wanapoanika omena, wale dagaa wa ziwani. Tulitoa viti viwili tukakaa tukitazama maji. Sikujua niifanyie nini mikono yangu. Haikupita muda akina mama wakaanza kujipanga mlangoni, watoto wamevuliwa mashati, wakidhani ni kliniki ya chanjo. "Daktari anaanza saa ngapi?" mmoja aliniuliza. Oduor akawaeleza kwamba hakuna daktari, tumekuja kupumzika. "Kupumzika?" yule mama alisema. "Kwani kwenu hakuna kiti?" Nilicheka hadi nikatoka machozi, na Oduor akacheka, na nadhani hiyo ndiyo siku niliyompenda kuliko zote. Jioni nilinunua samaki, ngege wawili wanene, nikauliza kiberiti kiko wapi niwashe lile jiko la ndani. Akaacha kucheka. "Si ndani," alisema. "Samaki ikiingia kwa hizo kitambaa haitoki tena. Pika nje." Nikapika nje juu ya mawe, moshi ukinifuata kila nilikohamia, na nyuma yangu kulikuwa na jiko zuri la vichwa viwili ambalo halikuwa limewashwa tangu mke wa Mzungu alipoondoka.

Baadaye mwenye gereji alihitaji uwanja wake, na Oduor akaipeleka karavani nyumbani Seme, karibu na ziwa, ambako tulikuwa tumeanzisha boma letu muda si mrefu. Nyumba yangu, ya udongo na mabati, ilikuwa mahali pake, ikilitazama lango, kama inavyotakiwa nyumba ya mke wa kwanza. Oduor alizunguka boma zima akiupima mteremko kwa chupa ya maji aliyoilaza chini. Akachagua sehemu ya juu, isiyotuamisha maji, yenye kivuli cha asubuhi. Sehemu hiyo ilikuwa mkono wa kulia wa nyumba yangu, na mtoto yeyote wa Seme angekuambia ni nani hujengewa pale. Mama mkwe alikuja kutoka kwake na jembe begani, akasimama.

"Oduor, hapo ni pa mke wa pili," alisema.

"Mama, hii ni gari."

"Gari gani iko na kitanda?"

"Iko na magurudumu, Mama. Ukisema kesho itoke, inatoka."

Mama mkwe aliyatazama magurudumu, akakubali, akaenda zake. Lakini utunzaji nao una sheria zake. Karavani ikisimama muda mrefu, Oduor alinieleza, haiachwi juu ya tairi, kwa sababu uzito unazibonyeza upande mmoja zinapasuka. Kwa hiyo kabla ya kurudi kazini Kisumu aliinyanyua kwa jeki, akaikalisha juu ya mawe manne, kila jiwe ndani ya karai la oili chafu, mchwa wasije wakapanda kwenye mbao za ndani. Magurudumu akayatoa. Yanataka giza na ubaridi, alisema, akayaviringisha hadi ndani kwangu na kuyasukuma chini ya kitanda changu. Mama mkwe aliporudi jioni alikuta karavani imekaa juu ya mawe. Aliinama akachungulia chini yake kwa muda mrefu. "Sasa ni nyumba," alisema, na hakuwa akimwambia mwanawe, alikuwa akiniambia mimi. Tangu siku hiyo, kila nikija nyumbani, nililala juu ya magurudumu ya mke mwenza wangu, na kila nikigeuka nilisikia harufu ya mpira.

Kwenye foleni ya maji Nyalenda ndipo nilipopata kujua zaidi. Mama Okoth, jirani yetu, alikuwa ameinamia ndoo yake akiongea na mwenzake, hajaniona nikija nyuma. "Yule fundi wa nguo, Consolata wa Obunga, anashona pazia ndogondogo," alisema. "Za ile nyumba ya bati ya Baba Achieng. Kabla haijaenda Seme alikuwa anaingia kupima, anavuliwa viatu kama anaingia msikitini." Mwenzake akauliza kama ni pazia tu. "Pazia tu?" alisema Mama Okoth. "Kwani dirisha inaongezeka, kila wiki inapimwa?" Kisha akahisi kuna mtu nyuma yake, akageuka, akaanza kuzungumza habari ya sabuni. Nilijaza debe langu hadi likamwagika miguuni. Oduor alikuwa ameniambia mwenyewe kwamba karavani inahitaji mapazia, jua lisile vitambaa vya viti. Hakuniambia kwamba mshonaji ana jina.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa na cherehani yake kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja karibu na soko, na nilikuwa nimejiandaa kukuta mwanamke wa midomo na macho makali. Nilimkuta mpole, mwembamba, mwenye kicheko kidogo kabla ya kila neno. Hilo liliniumiza zaidi. Mwenye kiburi ningemchukia bila taabu. Nilimwambia nataka blauzi. Akasimama na futi yake ya kitambaa, akaizungusha kifuani pangu. "Pumua, Mama," alisema. "Usijibane, blauzi itakushika." Mikono yake ilikuwa laini, inanukia glisirini. Kwenye meza kulikuwa na kitambaa cheupe chenye ndege wa buluu, kimekatwa vipande vidogo.

"Hizo pazia ni za nani?" nilimuuliza. "Ndogo hivyo."

"Za nyumba moja huko Seme. Madirisha yake ni kama ya meli."

"Nyumba ya nani?"

Alikata uzi kwa meno, akacheka kile kicheko chake. "Yangu, Mungu akipenda. Mwenyewe ananiwekea. Hata jiko yake haijawashwa, amesema nitawasha mimi."

Nilikuwa nimedhani ni harufu ya samaki. Nilisimama pale na futi bado imenizunguka, nikaona Port Victoria yote tena, mawe, moshi, ngege wawili, na mume wangu akiacha kucheka. Nilimlipa kishika mkono cha blauzi ambayo sikurudi kuichukua. Sikumwambia mimi ni nani, na si kwa ustaarabu. Niliogopa kwamba angeniomba radhi, nami ningempenda.

Kesho yake nilikuwa Seme na Achieng mgongoni. Nilimweleza mama mkwe kila kitu, nikilia kwa hasira, na yeye aliendelea kuchambua mboga. Yeye mwenyewe alikuwa ameishi na wake wenza katika boma moja na hakuwa na hamu ya kusikia kelele hizo mara ya pili. "Nyar Alego," alisema, kwa maana Alego ndiko nilikotoka, na wake huitwa kwa kwao. "Amekukataza kupika ndani ya hiyo kitu?"

"Amenikataza, Mama."

"Basi pika." Akasukuma mboga kando. "Nyumba anayewasha moto kwanza ndiye mwenyewe. Mwanamke mwingine hawezi kuletwa juu ya jivu lako. Lakini watu waone."

Siku ya Jumamosi, tukijua Oduor atakuja mchana, nilinunua samaki ufukweni hadi kikapu kikanielemea. Nikapanda ile ngazi. Viatu sikuvua. Nikafunga madirisha yote saba kwa makusudi, nikawasha kichwa cha kwanza cha jiko, nikawasha cha pili. Mafuta yaliruka hadi kwenye dari ambayo Oduor alikuwa ameifuta kwa nepi za mwanangu, ugali ukatokota na kutema kwenye viti. Mama mkwe alikaa kwenye kitanda cha kukunja, miguu yake yenye udongo imeninginia, akawaita wake wa majirani mmoja mmoja waje wale. Walijaa hadi karavani ikalia juu ya mawe yake. Sijawahi kupika chakula kibaya namna ile, sehemu nyingine mbichi na nyingine imeungua, na kila mtu alikisifu. Nilikuwa na furaha mbaya, ile ya mtu anayevunja kitu kizuri kwa sababu hakupewa.

Oduor alifika akiwa na mzigo wa karatasi ya kahawia kwapani. Alivua viatu, akaingia, akasimama katikati ya moshi na miiba ya samaki. Wanawake walisogeza sahani zao kumpisha. Aliitazama dari, kisha jiko, kisha mama yake.

"Umepikia hapa?" aliniuliza.

"Nimepika kwangu."

Nilingoja anipige, ingawa hakuwahi kunipiga. Alikaa ukingoni mwa kitanda karibu na mama yake. Nikamwekea sahani. Alikula polepole, akitoa miiba kwa uangalifu wake uleule, na alipomaliza alisema chumvi ni kidogo. Kisha akafungua mzigo wake, akatundika mapazia yenye ndege wa buluu, dirisha baada ya dirisha, na dirisha la mwisho, la upande wa magharibi linalotazama ziwa, likabaki tupu. "Kitambaa kiliisha," alisema. Tulilala humo, mimi na yeye na mtoto, na asubuhi akaanza kusugua mafuta kwenye dari.

Hakuleta mke mwingine. Karavani ile aliitunza maisha yake yote, na imeyazidi umri magari mengi ya Kisumu. Alibadilisha mbao za sakafu, akaijengea kivuli cha mabati, akawafundisha wajukuu kuongeza oili kwenye makarai. Nyumba yangu nayo aliijenga upya kwa matofali, haivuji. Sina la kumlaumu nalo mbele ya watu. Ila dirisha la magharibi lilibaki bila pazia. Mtu ambaye hakuweza kulala akijua kuna doa la kutu aliliacha jua la alasiri likipaushe kiti kilichokuwa chini ya dirisha hilo hadi kitambaa kikawa cheupe. Nilipojaribu kutundika leso yangu pale, niliikuta imekunjwa vizuri juu ya kitanda changu. Sikujaribu tena, wala hatukulizungumza. Kila alasiri nilipoliona lile jua likiingia, nilijua kuna mtu amekaa pale.

Basi siku hiyo ya mazishi nilijifuta mikono, nikamfuata Consolata ndani. Viatu sikuvua. Alikuwa amekaa kwenye kiti kile kilichopauka, mkongojo magotini, anatazama mapazia yake. Yalikuwa yamebaki kama moshi, ndege huwaoni mpaka uambiwe wapo.

"Pole, Nyar Alego," alisema.

"Asante. Umetoka mbali."

"Hukurudi kuchukua blauzi yako." Kile kicheko kilikuwa bado kipo. "Niliposikia umepika, ndio nilijua ni wewe nilikupima."

Nje vijana walikuwa wanapanga viti. Yeye alipitisha kiganja kwenye ukingo wa dirisha, kwenye mpira, akaubonyeza kuona kama ni laini.

"Alitaka kunijengea nyingine," alisema. "Ya udongo, ya kawaida. Nikamwambia hapana, mimi nilishapima madirisha ya hii. Hakurudi tena, na mimi sikumwita."

Kisha akafungua mkoba wake, akatoa kitu kilichofungwa ndani ya karatasi ya kahawia. Nilijua kabla hajakifungua kwamba ni pazia la saba. Harufu ya kafuri ilijaa karavani. Alilitandika pazia lile magotini pake, na ndege walikuwa buluu, buluu kabisa, kama walivyokuwa mezani kwake siku ile aliponiambia nipumue. Halikuwa na doa wala alama ya mkunjo. "Alinifundisha," alisema. "Kitu ukitaka idumu, weka mbali na jua, na ufungue mara kwa mara ipate hewa."

Mimi nimefua mapazia yale sita, nimeyaanika, nimeyashona yalipochanika, nimeishi nayo. Na mbele yangu alikuwapo mtu mwenye moja tu, hakulitumia hata siku moja, na lake ndilo lililodumu. Nilimwonea wivu mkali. Nilimuuliza kama atakula samaki. Akasema atakula. Nikawasha jiko, vichwa vyote viwili, nikampikia vizuri, na safari hii chumvi ilitosha.

Alipokwenda aliliacha lile pazia kitini, nami nikalitundika kwenye dirisha la magharibi. Lilitoshea, hata uzi haukuzidi. Achieng, akiwa mlangoni, alisema tulivute kando kidogo, jua la ziwani lisije likaliharibu. Nilimwambia aliache hapo hapo, lipauke kama yale mengine, na nikalifungua dirisha wazi.